Koti la Maonyesho

Wasomaji, tangu Jumamosi siwezi kupita mbele ya ukumbi wa manispaa hapa Eldoret. Mimi ni karani wa tawi la chama, na siku hiyo nilitumwa kumpokea DC, mkuu wa wilaya, kwenye maonyesho ya nguo zilizoshonwa na mafundi kisha zikachorwa na wasanii. Mvua ilininyeshea njiani, nikafika nikitetemeka. Rafiki yangu Otieno akaniambia, "Chukua koti langu, liko pale mlangoni." Nikaona koti jeusi kwenye stendi ya mbao karibu na mlango, nikalivaa, nikabandika beji ya chama kifuani.

Kila nilipopita, watu walinitazama mgongoni wakinong'ona. Nikadhani ni heshima, nikazidi kutembea polepole.

DC alipoingia na Mama Wambui, fundi aliyekuwa akimsubiri nje, walikuta stendi tupu. Mama akaishika stendi. "Mzee, hapa palikuwa na koti. Nililishona mimi, msanii akalichora. Limeibiwa."

DC akaamuru milango ifungwe. Mimi, nikitaka aione bidii yangu, nikasogea mbele.

"Bwana DC, mwizi huyu anaiharibia serikali jina. Askari wapekue kila mtu."

Askari aliyekuwa nyuma yangu akakohoa. DC akanikazia macho.

"Sawa. Tutaanza na wewe. Geuka."

Nikageuka.

"Huyo ng'ombe mwekundu aliyechorwa mgongoni ndiye wetu," Mama Wambui akasema.

Mbele yangu, karibu na mlango, alisimama Otieno na koti la kahawia mkononi.

"Karani," akasema taratibu, "koti langu ni hili."