Shanga za Shingoni

Juzi nilikuwa kwa laini ya hospitali hapa Lodwar, mbele yangu mama mmoja na binti yake. Huyo msichana alizaliwa mweupe, nywele rangi ya majani makavu, shanga zimejaa shingo mpaka kidevuni. Mama aliniambia anachunga mbuzi kutwa, mabega wazi.

Sista aliyekuwa akipitia wagonjwa kwa laini akabonyeza kando ya shanga, msichana akaruka. "Kuna kidonda huku ndani. Kata hizi nione."

Mama akafunika shingo ya mtoto na mikono miwili. "Sista, kwetu shanga zinatolewa mtu akikufa. Unataka nimlilie na bado anatembea?"

"Kidonda ni cha lini?"

"Tangu mvua ilipoisha. Tunapaka mafuta, hakiponi."

"Ngozi yake haina kitu cha kuzuia jua, mama. Kidonda kama hiki kinaweza kuwa saratani, na hiyo inakula mpaka ndani."

Mama akanigeukia, akaniita nyanya kwa Kiturkana. "Ata, wewe ni mzee. Sema kitu."

Nyumbani kwangu mimi ndiye naamua ugomvi wa wake wenzangu wote. Nikasema, "Kata, mwanangu. Wakiuliza, sema ni mimi."

Mama akakata akilia. Sista akaangalia, akaenda mbio kuita daktari.

Msichana amelazwa, bado hatujaambiwa kitu. Nasikia baba yake ananitafuta, ati nimeleta mkosi. Aje tu. Mbuzi wake akipata kidonda anamtafutia kivuli siku hiyo hiyo. Nataka aniambie mbona huyu alimwacha juani.