Sauti Iliyofichwa Katikati ya Sinema

Siku Makau alipomwona Adero mara ya kwanza, mama huyo hakumsalimu. Aliingia katika kibanda cha fundi huyo, Kawangware, akazisogeza kwa kiwiko redio zilizokuwa mezani zikisubiri kufunguliwa, akafungua leso na kuweka diski moja mbele yake.

"Fundi, hii itasoma?"

Makau aliinyanyua kuelekea mwangani. Ilikuwa imekwaruzika hadi ungedhani kuku walichakura juu yake.

"Imekuwa wapi hii, mama?"

"Chini ya kitanda cha watu. Mtoto wao aliifanya gurudumu la gari. Wewe niambie kama itasoma."

"Nitajaribu."

"Usijaribu. Isome. Iko hiyo moja tu duniani." Akavuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa. "Na ukimaliza unifundishe kuchoma diski. Si hizi za kitambo. Zile za picha kali ya 4K, za kuwekwa kwa deki nyumbani."

"Za biashara?"

"Za mtu fulani."

Makau hakuuliza ni mtu gani. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenyeji wa Machakos, mjuzi wa nyaya lakini mzito wa maneno. Dukani akipewa mkate ambao hakuuagiza, aliubeba akaenda kuula. Watu wa namna hiyo hupewa siri bila kuziomba, na hivyo ndivyo habari ya Adero ilivyomfikia, leo kipande, kesho kipande, yeye ameinamia chuma cha kulehemu na mama akiongea na mgongo wake.

Adero, au Mama Celine kama alivyozoeleka kuitwa kwa jina la bintiye, alikuwa mke wa Oluoch. Kule Gatwekera, ndani ya Kibera, palikuwa na ukumbi wa mabati ulioonyesha sinema, ukiendeshwa na mtu aitwaye Nicanor. Sinema zilikuwa za Kichina na za Kihindi, na watazamaji hawakujua Kichina wala Kihindi. Oluoch ndiye aliyejifungia katika kichumba cha nyuma akaweka sauti yake juu ya picha, akisimulia kwa Kiswahili cha mtaani. Hakutafsiri tu. Adui akitokea alimpa tabia za wenye nyumba wanaofunga milango ya wapangaji. Shujaa akivuka mto alionywa asikanyage, maana huo mto Oluoch alikuwa anajua unatoka kwenye vyoo vya nani. Na penye patashika kubwa, panga likiwa hewani, alimsalimu mkewe: "Mama Celine, weka maji ya ugali, huyu jamaa anakufa sasa hivi!"

Mtaa mzima ulilijua neno hilo. Adero akipita, wauza mboga wachache waliomjua walimwuliza, "Yamechemka?" Naye alijibu, "Yamechemka, mleteni huyo maiti." Alikuwa mtu wa kicheko wakati huo.

Lakini wengi walijua sauti tu. Msimuliaji alijiita DJ Radi, na uso wake ulibaki kichumbani. Kwa hiyo Oluoch aliposhikwa na kifua hadi kikamwondoa, na mkewe akasafiri na mwili kwenda kumzika kwao ziwani, Nicanor aliona mlango uko wazi. Alinunua televisheni pana kama mlango wa gereji, akatafuta zile sinema zinazopendwa katika picha mpya ya 4K, akaziwekea sauti yake mwenyewe. Za zamani alizifuta kwenye kompyuta zote, eti zinajaza nafasi. Waliouliza aliwaambia kwamba DJ Radi amekuwa yeye tangu mwanzo. Oluoch? Oluoch alikuwa mpanga mabenchi. Waliojua ukweli aliwaingiza ukumbini bure, wakanyamaza. Wapangaji wengine walikuwa wageni, wakaamini.

Adero aliporudi kutoka mazikoni alimwendea akamwomba nakala moja tu, moja, Celine awe na mahali pa kumsikia babake. Nicanor alikuwa mlangoni na vijana wake.

"Mama," alisema, "mtu akizikwa huzikwa na mdomo wake."

Vijana wakacheka. Adero hakulia wala hakutukana. Alirudi nyumbani, akafunga vyombo, akahamia Kawangware, akaanza kupita nyumba kwa nyumba kwa wale waliowahi kununua diski za DJ Radi. Nyingi zilikuwa zimetupwa, nyingine zimefungwa mashambani kutishia ndege. Hii iliyokwaruzika ndiyo aliyoipata.

Makau aliisugua kwa dawa ya meno na pamba, taratibu, kutoka katikati kwenda ukingoni, akaitia kwenye deki kongwe yenye subira kuliko hizi mpya. Mwanzo haukusoma. Mwisho haukusoma. Lakini katikati picha ikatulia, na sauti ya mwanamume ikajaa kibandani, yenye mzaha, inayokimbia mbele ya mapanga. Adero alisimama.

"Rudisha."

Makau akarudisha.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu kulisikika maneno fulani yaliyomfanya Adero aanze kucheka. Si kicheko ambacho mtu angependa kukisikia kikielekezwa kwake.

Tangu hapo alikuja kila siku kujifunza. Makau alimwonyesha kwamba diski za kawaida zina nafasi ndogo mno kwa picha hiyo, zatakiwa zile za kubeba mengi, zenye tumbo la buluu iliyoiva. Alimwonyesha kuchoma polepole hata kama mashine inajigamba kwamba inaweza mbio, maana diski iliyochomwa kwa pupa hukwama sinema ikinoga. Alimfundisha kuifunga diski mwishoni ili deki ya mtu nyumbani iitambue, na kuomba Mungu stima isipotee kabla ya hapo. Diski alizoharibu Adero zilijaa ndoo. Baadaye hakuharibu tena. Wateja wake wa kwanza walikuwa mayaya, waliotumwa na matajiri wao wenye televisheni za fahari na intaneti ya kukatakata. Sifa zikasambaa: kwa Makau, Kawangware, diski hazikwami.

Makau alifurahia kuja kwake kuliko ilivyompasa. Alinunua kikombe cha pili cha chai, cha kumwekea.

Na Adero alingoja, akijua sifa hiyo itafika Gatwekera kwa miguu yake yenyewe. Ikafika.

"Niaje, fundi," Nicanor alisema akiinama mlangoni, miwani utosini. Adero alikuwa nyuma ya pazia akipanga diski. "Nasikia kazi yako haikwami. Yangu inakwama katikati kama punda kwa matope, watu wananirushia maganda ya njugu. Nichomee hii. Jumapili baada ya kanisa naizindua."

Ilikuwa ile sinema ya Wachina wanaopigana juu ya mapaa, katika picha mpya, sauti ya Nicanor mwanzo hadi mwisho. Sinema ileile iliyokuwa kwenye diski ya Adero.

Alipoondoka, pazia lilifunguka.

"Hapana, Mama Celine," Makau alisema kabla hajaambiwa. "Kazi ya mteja haiguswi. Fundi akigusa moja, zote zimeguswa."

"Na yeye aligusa ya nani?"

Makau aliangalia meza.

"Nakuuliza, fundi. Aligusa ya nani?"

Hakujibu, na Adero akauchukua ukimya huo kuwa ndiyo. Aliketi kwenye kompyuta, akaondoa sauti ya Nicanor katikati ya sinema na kuilaza ya Oluoch mahali pake, akiisukuma mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka kila kicheko cha marehemu kikaangukia pigo lake. Kisha akaanza kuchoma, polepole kama alivyofundishwa, mikono kati ya magoti, macho kwenye kitaa cha mashine.

Nicanor alipokuja kuchukua alifanya afanyavyo kila mteja wa diski. Alifungua mwanzo, akajisikia. Akaruka hadi mwisho, akajisikia. "Safi," akasema. Hakuna anayeketi kibandani kwa fundi akatazama sinema nzima.

Jumapili hiyo ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani, bado na nguo za kanisa. Adero na Makau walikaa benchi la nyuma. Nicanor alipunga mkono mbele kama mchungaji, akabonyeza rimoti. Picha ilikuwa safi ajabu, jasho la Wachina ungelihesabu. Sauti ya Nicanor ikaenda, ikaenda, na watu wakacheka kwa adabu. Kisha shujaa akapanda paa, na sauti nyingine ikaingia.

"Sasa huyu anapanda mabati ya watu bila ruhusa! Mwenye nyumba akiamka hapa tutazika mtu!"

Watu wakageukiana. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza omena karibu na reli akasimama, mkono kifuani. "Uwi! Huyo si Oluoch?"

"Ni nani?"

"Oluoch! Bwana ya Mama Celine! Huyo ndiye Radi!"

Nicanor alitafuta rimoti, ikamteleza chini ya mabenchi. Na hapo sauti ikafikia yale maneno yaliyomchekesha Adero kibandani: "Ngojeni kidogo, jamani, kuna kelele hapa nje. Nicanor! Wacha kuburuta mabenchi, mimi nafanya kazi! Ukimaliza kupanga hayo uniletee chai!"

Kicheko kilichopanda nusura kiondoe paa. Vijana walewale wa mlangoni ndio waliocheka zaidi. "Nicanor, chai!" "Nicanor, hili benchi limepinda!" Alipojaribu kuzima televisheni, akina mama walimzuia kwa mikono. Sinema iliendelea, marehemu akamsalimu mkewe mbele ya watu wote, na Makau, aliyemwangalia Adero kwa upande, hakuona chozi. Adero hakuwa akitazama picha. Alikuwa akimtazama Nicanor, bila kupepesa, kama mtu anayekula chakula alichokisubiri.

Makau alidhani yamekwisha. Hayakwisha. Adero alichoma nakala za kipande hicho, akazigawa Gatwekera bure, kila nyumba yenye deki. Ikawa Nicanor hawezi kununua mkaa bila kusikia kutoka dirishani akiagizwa chai na mtu aliyekufa. Mwishowe alifika Kawangware, miwani mfukoni.

"Nimekosa, Mama Celine. Waambie watu waache."

"Sema hivyo mlangoni kwako, watu wakiwapo. Useme Radi alikuwa nani na wewe ulikuwa nani."

"Nitasema."

"Na wakicheka usiingie ndani mpaka wamalize."

Alisema. Walicheka. Adero alisimama mbele, amekunja mikono, mpaka wa mwisho alipochoka. Baada ya hapo hakuna aliyelipa kumsikia Nicanor, akaufunga ukumbi, na mwenye kiwanja alipotafuta mpangaji mwingine, aliyejitokeza alikuwa Adero.

Kwa Makau mambo yalikwenda vingine. Nicanor hakuweza kusema neno juu ya mjane, lakini juu ya fundi aliweza. Alipita akieneza kwamba mtu wa Kawangware hubadilisha kazi za wateja, ukimpa sinema ya harusi yako utakuta ya jirani. Mayaya waliacha kuja. Hata redio ziliacha kuja. Alipoulizwa kama ni kweli, Makau alikohoa akashika bisibisi. Angeweza kusema ni nani aliyechoma diski ile na kwa nini, na Kawangware nzima ingemwelewa. Alingoja Adero aseme kwa niaba yake, kwa kuwa mama huyo kusema alijua.

Adero alikuja na mkokoteni kuchukua mashine ya kuchomea aliyokuwa amejinunulia. Celine alikuwa juu ya mizigo, akila muwa. Makau alisaidia kubeba, akafunga kamba, akaikaza, akaifungua, akaifunga upya. Kikombe cha pili kilikuwa mezani na hakujua akipeleke au akiache.

"Sasa umeridhika?" hatimaye aliuliza.

"Bado. Lakini atanisikia nikisimulia kila Jumapili."

"Na mimi, Mama Celine? Wateja wameisha. Mimi nabaki na nani?"

Alikuwa hajawahi kumwambia maneno mengi namna hiyo kuhusu nafsi yake. Adero akaelewa yote mawili, lile la wateja na lile jingine. Akamwashiria mwenye mkokoteni aanze kusukuma. Hakurudi tena Kawangware, wala Makau hakuwahi kukanyaga ukumbi wake. Neno la mwisho la Adero pale, akiwa ameshageuka nusu, lilikuwa hili:

"Kama wewe ndiye ungekuwa umekufa, Makau, ningemfuata huyo anayekuchafua mpaka aombe ardhi immeze. Lakini wewe uko hai na mdomo unao. Jitetee."