Karamu Isiyo na Chumvi

Karamu zote za ndoa pale kijijini Vuhovi, mashariki mwa Kongo, zilipikwa na Tamar, na kiburi alikuwa nacho, msidhani namsifia mtakatifu. Ukimwambia chakula chake kitamu, alijibu, "Nilijua." Mimi Orpa, wifi yake, nilimvumilia kwa sababu kweli alijua kupika.

Mwaka 2001 vita vilifunga barabara ya Kasindi iendayo Uganda, chumvi iliyotoka huko Katwe ikapotea sokoni kote. Ndipo Kanyere, binti wa pekee wa Tamar, akaposwa na kijana wa Beni. Baba wa kijana, Mzee Maliro, aliwahi kuondoka kwenye karamu moja akisema kupewa chakula bila chumvi ni kufukuzwa.

Tamar alizunguka nyumba kwa nyumba, akarudi na mkia mmoja wa makayabu, samaki wa chumvi, mkavu kama soli ya kiatu. Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Orpa, ulimi haikulake peke yake. Inakula na pua, inakula na masikio."

Siku ya karamu, wageni wa Beni walipofika, mkia ule ulikuwa unaungua taratibu karibu na mlango, na harufu yake ikawapokea kabla yetu. Tamar alisimama mbele ya sufuria ya mbuzi, akachota konzi nzima kutoka kwenye kigunia huku wote wakimtazama, akatupa ndani. Zilikuwa chenga nyeupe za mahindi. Kazi yangu mimi ilikuwa kupiga kelele, na sauti ninayo.

"Tamar, inatosha! Hapana kuongeza! Batu batakunywa mayi yote ya muto!"

Akatupa tena.

Mzee Maliro alitafuna polepole. Akakunja uso, nikajua tumekwisha.

"Mama, mulitia chumvi mingi sana! Munipe mayi!"

Sisi wapishi tulikimbilia nyuma ya jiko, tukakumbatiana na kucheka hadi machozi. Sikuwa nimefurahi vile tangu vita vianze.

Lakini mzee alipomaliza kunywa, aliongeza, "Ila, bibi yangu ku Beni iko anakula bila chumvi. Munifungiye kidogo ya ile ya mu kigunia."

Kicheko kikatukauka. Tamar alikichukua kigunia mwenyewe, akapiga magoti mbele ya mzee. Mzee akachovya kidole, akalamba. Akalamba tena. Akaitazama sahani, akaitazama glasi ya maji.

"Donc, nilikula nini?"

"Mbuzi, tata mzee. Chumvi hapana. Tuliogopa mungetukatala."

Mzee akaanza kucheka, mabega kwanza, halafu tumbo, mpaka kofia ikaanguka. Wageni wa Beni wakacheka naye. Akaisogeza sahani mbele.

"Nipe tena."

Safari hii alitafuna, akatikisa kichwa, akatangaza mbele ya wote kwamba mbuzi huyu hana chumvi hata chembe. Kisha akamla mpaka mfupa, akamwita Kanyere aje aketi karibu naye.