Kompyuta ya Chini ya TV ya Anko Hiram

Anko Hiram aliiweka ile kompyuta ndogo juu ya meza ya Mugure bila kuuliza kama ana nafasi.

"Niwekee Windows, kama ya watu," alisema. "Itakaa chini ya TV. Wakwe wa binti yangu Kui wanakuja Jumapili, nataka waone ruracio, ile siku ya mahari, vile ilikuwa. Video ziko kwa hii diski."

"Sawa, Anko," Mugure alijibu, kwa ile sauti yake ya chini ambayo wateja wa kibanda chake cha Bondeni huiinamia ndipo waisikie.

Alikuwa fundi wa kompyuta, na kabla ya kugusa mashine ya mtu yeyote aliuliza, "Kuna kitu humu hungependa kipotee?" Kisha alingoja jibu. Swali hilo alifundishwa na Anko Hiram, ingawa Hiram mwenyewe hakujua.

Mama yake Mugure, Waithera, alikuwa akiwafundisha kina mama wa kanisa nyimbo, na Mugure alikuwa amemrekodi sebuleni. Zilikuwa video kumi na moja: mama akikosea, akicheka, akianza tena. Alizihifadhi kwenye diski iliyopangwa kwa Linux, mfumo aliouzoea tangu chuoni. Wiki moja baada ya mazishi ya mama, Hiram, ndugu mdogo wa mama, aliichukua diski ile bila kuuliza. Yeye ndiye aliyekuwa mtaalamu wa ukoo, kwa kuwa zamani alisimamia saiba, duka la intaneti, na dawa yake ya kila ugonjwa ilikuwa moja: kufomati, yaani kufuta kila kitu na kupanga upya. Laptopu yake ya Windows ilishindwa kuisoma diski, ikamuuliza kama aifomati. Akakubali. Halafu akaijaza mechi na muvi mpaka pomoni, hata Mugure alipojaribu kuokoa chochote, hakupata hata kikohozi cha mama yake.

"Ilikuwa tupu," Hiram aliuambia ukoo. "Na hata kama haikuwa, si ni video tu?"

Watu wazima waliangalia chai yao. Kwao mjomba hasemwi. Baraka zake huhitajika na hasira yake huogopwa. Mugure naye alinyamaza, na miaka miwili ikapita hivyo. Lakini kunyamaza si kusamehe.

Sasa aliitazama kompyuta ile siku tatu. Windows ingemfurahisha Hiram, ingesoma diski na flashi zake zote, na mambo yangeishia hapo. Kulikuwa na mfumo mwingine wa jamii ya Linux, uliotengenezewa sebule, unaowaka na kufungua moja kwa moja orodha ya filamu na nyimbo. Ulikuwa mwepesi, na mashine ile ilikuwa dhaifu. Hiyo ndiyo sababu ambayo angeitoa akiulizwa. Sababu yenyewe ni kwamba mfumo huo ulimruhusu fundi kuchagua picha ya kutokea kila unapowaka.

Aliweka ya mama yake, kitambaa cha kanisa kichwani, macho yakimtazama mtu usoni. Kisha akanakili video za ruracio kwenye diski yake mwenyewe, nayo ya Linux, akaifungia kwenye droo. Diski ya Hiram akaipanga kwa Linux, akazirudisha video humo, na juu yake akabandika karatasi: USICHOMEKE KWA LAPTOPU. ITAOMBA KUFOMATI. USIKUBALI. Aliandika kwa herufi kubwa, ili asije akalaumiwa. Alijua kwamba Hiram hatasoma.

Jumapili, nyumbani kwa Hiram huko Bahati, wageni walikuwa wameshika sahani za mukimo wakati Hiram alipowasha. Uso wa Waithera ukajaa TV nzima.

"Huyu mama ni nani?" aliuliza Mzee Jamleck, baba mkwe wa Kui.

"Dada yangu. Alitutoka." Hiram akamgeukia Mugure. "Toa hiyo. Hapa si matangani."

"Haitoki, Anko. Ndivyo inawaka."

"Nilikuambia Windows."

"Ingekwama. Mashine ni dhaifu."

"Hawa wasomi," Hiram aliwaambia wageni, nao wakacheka kidogo. Akaing'oa diski, akaibandua karatasi bila kuisoma kwa kuwa ilimzibia njia ya waya, akachomeka kwa laptopu yake. Ujumbe ukatokea. "Inasema nini? Sina miwani."

"Inasema vile ilisema ile siku ya diski ya mama," alisema Mugure.

Kidole cha Hiram kilikuwa kimeshabonyeza. Diski ikafunguka nyeupe. Kui akiwa amefunikwa leso katikati ya wasichana, bwana harusi akikisia ni yupi, hotuba ya Hiram ya dakika arubaini: vyote vilikuwa vimekwenda.

"Si ni video tu, Anko," alisema Mugure, na sebule nzima ikainama kumsikia. Kisha akajiongezea mukimo. Hajawahi kula mukimo mtamu kama ule.

Wiki tatu Hiram alipiga simu, na kila mara alijibiwa, "Pole sana, Anko." Simu ya Kui, aliyelia, ndiyo pekee iliyomfanya Mugure ashike ufunguo wa droo. Akauachilia.

Mwishowe Hiram alikuja mwenyewe Bondeni, akasimama nyuma ya wateja wawili mpaka zamu yake ikafika.

"Zile za mama yako," alisema. "Alikuwa anaimba nini?"

"Hukuangalia?"

"Sikuangalia. Nilibonyeza tu." Alikuna kidevu. "Nilikukosea, Mugure."

Mugure alidhani neno hilo lingejaza kibanda chote. Lilitosha tu pale mezani, kati ya bisibisi. Akafungua droo, akampa diski.

"Ulikuwa nayo? Wiki tatu?"

"Mimi yangu ni miaka miwili, Anko. Na haina nakala."

Hiram aliishika diski kwa mikono miwili. "Nikiichomeka kwa laptopu?"

"Itakuuliza swali lile lile. Inasomwa na ile ya chini ya TV tu."

Akaelewa kwamba kila atakapotaka kumwona binti yake kwenye leso, atatazamwa kwanza na dada yake. Mugure alingoja abishe.

"Niandikie ile karatasi tena," Hiram alisema. "Herufi kubwa."