Ampli Inakataa Kuimba

Watu wa Kasai waliofukuzwa mjini walilala kituoni wakingoja treni. Nilikuwa nimempelekea rafiki yangu maji, mara akatokea yule bwana aliyeteka nyumba yake ya Makomeno. Hakuja kuomba radhi.

“Papa, ampli yako ya lampe inakatala kuimba.” Ni mashine ya kukuza muziki, ya zamani, yenye taa za kioo ndani; rafiki yangu aliiacha alipofukuzwa.

Rafiki yangu akachora vumbini kwa kidole nyaya za kutoka ampli hadi bafle, yaani spika. “Funga bafle kwanza, njo uwashe. Bila bafle, itaungua. Kisha ungoje lampe zipate moto.”

“Merci, papa. Safari muzuri.”

Alipoondoka, nikamfokea rafiki yangu: kwa nini hukuiacha iungue?

“Ampli ilifanya kosa gani?”

Jioni nilipita Makomeno; ampli iliimba vizuri kabisa. Majirani wakajaa uani kusikiliza, wakamsifu yule bwana: “Huyu anajua kuchunga bintu yake.”