Vidole vya Mpishi wa Shule

Mpishi wa shule yetu hakuwa na mizani. Msichana akirudi kutoka likizo, alimzungushia kidole gumba na cha kati kwenye kifundo cha mkono, akaguna. Tangu serikali iache kuleta chakula, vidole vyake vilikuwa vikipishana kwa wengi wetu. Siku Hilda alipoanguka mstarini, mpishi alimshika kifundo muda mrefu bila kuguna. Kesho yake akatupandisha mteremkoni kuchimba ngoro, yale mashimo ya kupandia, za maharage, na uji ukaanza kunuka dagaa wa usipa waliotwangwa. “Kunywa, mama,” alimwambia Hilda, akasimama palepale mpaka kikombe kikauke. Baada ya mavuno alimshika tena. Vidole havikukutana. Akafuta macho, akasingizia moshi, kisha akamsukumia ndoo kubwa aliyokuwa amemsamehe tangu aanguke: “Haya, mtoni. Visingizio vimekwisha.”