Kiinua Mgongo cha Mume Wangu

Mume wangu alichimba madini ya risasi katika mgodi wa Mpanda mpaka kifua kikamkatalia. Miaka michache kabla ya uhuru walimwambia apumzike, wakampa kiinua mgongo chake chote kwa mara moja, noti zimefungwa kwa uzi. Hatukuwahi kuwa na fedha nyingi namna ile ndani ya nyumba, na tangu siku hiyo hatukuwa na raha. Alizifukia ndani ya debe la mahindi. Nikienda kisimani, yeye habanduki mlangoni. Akienda kanisani, nabaki mimi.

Habari ilifika haraka Ikola, kwao kando ya ziwa. Kaka yake mkubwa, mvuvi, alipanda lori akaja. Ndiye aliyemlea mume wangu baada ya wazazi wao kufa, na hakuwahi kunyimwa kitu nyumbani kwetu. Alisema kuna mtumbwi mkubwa wa mbao unauzwa pamoja na nyavu. Fedha zote zikiingia pale, kwa msimu mmoja wa dagaa zitarudi mara mbili. Mume wangu alikuwa karibu kukubali. Mimi nilitaka tuziweke posta, tupewe kitabu, tuwe tunachukua kidogo kidogo. Shemeji alicheka, akasema fedha za posta hazizai. Na kwa kweli hata mimi niliogopa kumkabidhi karani kila tulichonacho na kurudi nyumbani na kijitabu.

Niliomba jambo moja tu, tukauone mtumbwi kwanza. Tulikwenda wote watatu. Ulikuwa umepakwa lami mpya, unang'aa. Wanaume walipoketi na mwenye mtumbwi kuzungumza bei, niliwaendea wanawake waliokuwa wakianika dagaa mchangani. Mmoja aliniuliza kama wanunuzi ni sisi. Nilipoitikia, aliinama karibu yangu.

"Dada, ule umezama mara mbili. Mara ya pili mume wangu alikuwa ndani."

Hakusema kama alipona, nami sikuthubutu kuuliza.

Nilimweleza mume wangu palepale, kaka yake akisikia. Nilidhani atanikaripia. Alikohoa kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, wewe umenilea. Lakini fedha hizi nimezilipia kwa kifua changu, na sina kingine."

Shemeji aligeuka akatazama ziwa. Mpaka leo sijui kama alijua habari za kuzama.

Tulirudi Mpanda peke yetu, fedha tukazipeleka posta. Mwaka uliofuata mume wangu akafariki. Kitabu kilikuwa na jina lake tu, na karani akasema hawezi kunipa hata senti mpaka mtu wa ukoo wa marehemu athibitishe mrithi mbele ya baraza. Mtu huyo alikuwa mmoja tu. Nilimpelekea ujumbe kwa dereva wa lori, nikijua kwamba akitaka anaweza kudai zote.

Alikuja. Aliwaambia wazee wa baraza, "Huyu ni mke wa mdogo wangu. Fedha ni zake na watoto." Akaweka dole gumba kwenye karatasi.

Nilikuwa nimempikia. Alisema lori linamsubiri, ingawa lori la Ikola lilikuwa linaondoka kesho yake.

Fedha zile zilisomesha watoto wangu. Shemeji hakukanyaga tena kwangu, na mimi sikwenda Ikola kumwomba radhi. Nilikuwa nangoja niwe na la kusema, mpaka nikaletewa habari za msiba wake.